Kiti cha Nyuma

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisikilize vizuri, kwa sababu mwishoni mimi nitanyamaza na ninyi ndio mtakaosema.

Katika kijiji cha Itongoa, kwenye bonde la mpunga, palikuwa na kibanda cha kutengeneza pikipiki, na mafundi wake walikuwa watatu. Mponda alikuwa wa injini. Pikipiki ikipita tu barabarani alikuwa akisema, "Hiyo haifiki mbali," na kweli haikufika. Tekla alishona viti, na mshono wake haukupitisha maji. Ligombo alichomelea na kunyoosha fremu zilizopinda kwenye ajali.

Siku za Jumapili, wenzao wakicheza bao, hao watatu walijenga ndege. Hakuna aliyewatuma, waliipenda tu kazi hiyo. Mponda alifufua injini ya pikipiki iliyotupwa, akaifungia propela. Tekla alishona mabawa kwa turubai jepesi. Ligombo aliunda mifupa yake kwa mabomba, na kwa kuwa ndiye pekee aliyethubutu kuipanda, akajifunza kuirusha chini chini juu ya uwanja wa mpira. Ilikuwa na kiti cha rubani na kiti kimoja chembamba nyuma yake, na haikunyanyuka ikiongezewa hata mtoto juu ya watu hao wawili. Watu walicheka mpaka wakachoka.

Kisha zikaja mvua. Mto uliacha njia yake ukaizingira Itongoa pande zote. Mtumbwi uliojaribu kuvuka ulipinduka, na waliokuwemo hawakuonekana tena. Visima vikaingiwa na maji machafu, na kipindupindu kikabisha hodi.

Kilimlaza Gaudensia, mke wa Mponda, aliyekuwa akinyonyesha mapacha. Kikamlaza Neema, mtoto pekee wa Tekla. Kikamlaza mama yake Ligombo, aliyemlea peke yake tangu baba yake alipowakimbia.

Nesi wa zahanati, Bi Skola, aliwaambia ukweli. "Dripu zimekwisha. Hata maji ya chumvi na sukari wanayatapika. Bila hospitali ya ng'ambo ya mto, jioni hawafiki."

 Mafundi walikwenda mbio uwanjani.

Injini ilikuwa imeingia maji. Mponda aliifungua yote, akaikausha kwa fulana yake mwenyewe, akasikiliza pistoni. "Imekwisha hii," alisema. "Itavuka. Kurudi haitaweza."

Bawa la kushoto lilikuwa limechanwa na upepo. Tekla alilishona akipiga magoti kwenye tope, sindano ikimchoma vidole, na hakunyanyua uso mpaka alipokata uzi.

Gurudumu moja lilikuwa limeng'oka. Umeme haukuwepo wa kuchomelea, kwa hiyo Ligombo alilikaza kwa waya na vipande vya bomba, kisha akakanyaga tope mwanzo mpaka mwisho wa uwanja akitafuta mahali pagumu pa kuondokea. Maji yalikuwa yameshameza goli moja.

Muda wote huo hakuna aliyetaja kiti cha nyuma. Kila mmoja alifanya kazi kwa nguvu zake zote, na kila mmoja, moyoni, alikuwa ameshamkalisha mtu wake.

Injini ikaunguruma. Wagonjwa wakaletwa kwa machela. Ndipo mafundi wote watatu waliposogea kwa pamoja, wakasimama.

"Mke wangu," alisema Mponda. "Akifa, na wale wachanga nitawazika. Injini isingewaka bila mimi."

"Mwanangu ana miaka minne," alisema Tekla. "Ligombo, unapaa kwa mabawa ya nani?"

Ligombo alijifuta uso. "Mnataka nimwache mama yangu kwenye tope, halafu nikae mbele nimpeleke mtu mwingine? Mikono yangu itashikaje usukani?"

"Dada, tupige kura," Mponda alimwambia Tekla.

"Kura?" Tekla alimkumbatia mtoto. "Ikikuangukia wewe, utaniambia nini? Hapana. Sipigi kura juu ya Neema."

Wakamgeukia Bi Skola. Akawapima wagonjwa wote mapigo ya moyo, lakini majibu yake hayakuwasaidia mafundi. Mtoto ndiye aliyezidiwa zaidi. Huenda asingefika hata akipandishwa. Mama yake Ligombo ndiye aliyekuwa na nafuu zaidi. Angefikishwa, angepona bila shaka. Gaudensia alikuwa katikati yao, na maziwa yake yalikuwa yamekauka.

Hakuna mgonjwa aliyekuwa na nguvu ya kusema nipelekeni au niacheni. Maji yalikuwa yamefika kwenye gurudumu la mbele. Injini ilianza kukohoa, na Mponda alijua maana ya kikohozi kile.

Ndege itaondoka na mmoja. Wawili watabaki, na mafundi wawili watawachimbia wapendwa wao ardhi iliyojaa maji.

Msiniambie wangengoja mvua ikatike, haikukatika. Ninyi mliokaa hapa pakavu, nambieni: ni nani apandishwe kwenye kiti kile? Na wewe utakayemtaja, utawatazamaje machoni wale wawili wengine?