Kikapu cha Mwanakombo

Mmesogea? Haya, sikilizeni, mimi sirudii.

Palikuwa na zimwi kibogoyo lisilokula ila bamia laini. Kuzichuma lenyewe lilishindwa, maana zililiwasha. Siku moja mama mmoja, Mwanakombo, aliingia shambani mwake kuchuma za mchuzi. Zimwi likapiga mluzi, uzio wa miiba ukaota ukamzunguka.

"Utafunguka siku mibamia itakapoacha kuzaa," likasema. "Basi chuma, uzimalize!"

Mwanakombo akachuma mpaka vidole vikavimba. Mwezi wa kwanza alijaza kikapu kimoja kwa siku, wa pili viwili, wa tatu vitatu. Kila alipochuma, maua yalizidi. Nje ya uzio wanawe wakaita, "Mama, lini?"

"Kesho, wanangu," akajibu huku analia.

Ndipo alipouona mbamia mmoja aliousahau pembeni. Bamia zake zilikuwa zimekomaa, ngumu kama vijiti, na mti wenyewe haukuwa na ua hata moja.

Mwanakombo akatua kikapu, akakaa.

"Chuma!" zimwi likanguruma.

"Sichumi."

"Chuma, nitakutafuna!"

"Kwa meno gani?"

"Chuma, dada yangu, nina njaa!"

Mwanakombo akanyoosha miguu.

Bamia zikakomaa, zikakauka, zikapasuka. Maua yakakoma shamba zima. Uzio ukafunguka wenyewe, kraa!

Wanawe wakamrukia. "Mama, umelishindaje?"

"Nilikaa chini," akasema.

Nami hapa natua kikapu changu.