Gauni la Manjano Bandani

Dereva aliacha kuendesha malori siku alipomuoa Fundi, mshonaji mwenye ulimi mwepesi na moyo laini kama pamba. Wote wawili walikuwa wamekula chumvi nyingi, kila mmoja amemzika mwenzi wake wa kwanza, na hakuna aliyetaka tena kulala peke yake. Nyuma ya nyumba walijenga banda la neti, wakapanda nyanya. Jina la kazi ya zamani lilimganda; hata mkewe alimwita Dereva.

Msimu wa kwanza uliliwa na inzi weupe, wadudu wadogo kama chembe za unga, wanaojibanza chini ya majani na kufyonza utomvu. Msimu wa pili wakarudi. Dereva alipuliza dawa hadi pua ikamwasha, lakini wapi! Majani yalizidi kujikunja na kunata.

"Na nyanya hizi zikifa, narudi barabarani," alisema siku moja mezani.

"Uniache na nani? Na cherehani?"

"Tutakula nini, Fundi? Majani?"

"Basi nenda! Tena usiniage."

Tangu hapo nyumba ilitulia tuli kama maji ya mtungi. Walipakuliana chakula, wakatengenezeana chai, ila maneno hakuna. Dereva aliapa moyoni kwamba hata kumtazama hatamtazama.

Asubuhi ya harusi ya mdogo wake, Fundi alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, la manjano mbichi. Alipitia bandani kuacha ufunguo. Dereva alikuwa ameinama kwenye mche, amempa mgongo, ovaroli yake ya kijivu imetapakaa udongo.

"Ufunguo huu hapa," Fundi alisema.

Dereva aliendelea kupekua majani. Lakini ile rangi ya manjano ilimpiga kwenye pembe ya jicho, na kabla hajajizuia, shingo ilikuwa imeshageuka. Alipigwa na butwaa. Kifua na mikono ya gauni vilijaa nukta nyeupe, na nyingine zilikuwa zikiruka kutoka kwenye majani kumfuata. Kwenye ovaroli yake hapakuwa na hata moja.

"Nipanguse basi! Watu watasema nimemwagikiwa unga!"

"Simama hapohapo, mke wangu."

Fundi alisimama. Hilo "mke wangu" alikuwa amelikosa.

Dereva alimshika mkono, akamtembeza polepole kati ya mistari. Kila walikopita, wadudu waliinuka na kutua kwenye gauni.

"Mimi nilidhani ni vipofu," alinong'ona. "Kijidudu kama hiki kitaona nini? Kumbe kinaona! Rangi hii kwao ni jani changa."

"Afadhali wao wananiona. Humu ndani kuna mtu alikuwa haoni."

Dereva akacheka, Fundi akacheka, na machozi yakawatoka wote. Harusini walifika wamechelewa, wameshikana mikono.

Kesho yake Fundi alitoa mabaki ya kitambaa kile. Waliyawamba kwenye mbao, wakayapaka grisi, wakayatundika juu kidogo ya miche. Wadudu waliruka wenyewe na kunasa. Haukuwa muujiza: iliwabidi pia kuchuma na kuchoma majani yenye mayai, na miche kadhaa ilikufa. Lakini iliyobaki ilichipua, ikatoa maua, na nyanya zikawiva nyekundu hadi matawi yakahitaji miti ya kuyaegemeza. Habari ya barabarani haikutajwa tena.

Siku ya kuchuma, yule mdogo wake Fundi alikuja kusaidia.

"Shemeji," alimtania, "wadudu tumewaelewa. Wewe je, uliyenuna kama mawingu ya masika, ni nini kilikugeuza shingo?"

Dereva alimtazama mkewe, aliyekuwa akifuta nyanya kwa upindo wa kanga, akasahau hata ndoo aliyoishika.

"Nilijikaza, shemeji, sikuweza," alisema. "Macho hayana pazia."