Mguu wa Alasiri

Sogeeni, wajukuu wangu. Aliyekaa nyuma asikie, aliyekaa mbele asisinzie. Nawapeleka mbali, zama zile milima ya Taita ilipokuwa bado ikizungumza na mawingu, na nyika iliyo chini yake haikuwa na barabara wala reli, ila jua na miiba.

Huko milimani, penye ukungu na umande, aliishi mama mmoja jina lake Mkawasi. Njaa kubwa ilipoingia, mumewe alimbeba binti yao wa pekee, Wakesho, akavuka naye nyika mpaka kwa rafiki wa ukoo wao, Bibi Mbodze, ambako mtama ulikuwa haujakauka. Wakapatana hivi: mzazi aje amchukue mtoto kabla ya mvua za mwaka wa tatu. Mvua ikimkuta mtoto bado yuko kwa Mbodze, basi mtoto ni wa Mbodze.

Baba akarudi, akaugua, akafa. Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukafika, na Mkawasi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushuka mlimani, akajua kwamba ni yeye wa kwenda. Mjomba hapewi mtoto; mzazi ndiye hupewa.

Kaka yake, Mwakio, alimpenda sana. Akachinja fahali wake mmoja aliyebaki, akachukua ngozi, akamshonea dada yake viatu. Viatu gani hivyo! Soli nene kama kiganja cha mkulima, ngozi ya kufunika mguu mpaka juu ya kifundo, manyoya ya kondoo kwa ndani, na mafuta yamepakwa mara nyingi ili tone la umande lisipenye. Alimpima mguu alfajiri, baridi ikiwa bado inauma vidole. Vikamkaa sawasawa. Majirani wakavisifu, na mmoja akasema kwamba hata mfalme angevua vyake akaomba hivyo.

Wewe unayetabasamu hapo, umeshajua, eh? Subiri. Mkawasi hakujua.

Akashuka mlima. Akatembea, akatembea, na jua likatembea naye. Umande ukaisha. Miti ikawa mifupi, ikawa miiba mitupu. Ardhi ikawa nyekundu, kisha ikawa moto. Usiku ulikuwa wa simba, kwa hiyo alilala juu ya mti, akarudi njiani asubuhi. Akatembea, akatembea, na jua likatembea naye.

Ndipo viatu vikaanza kazi yao. Mafuta yakapata joto, hewa ikakosa mlango, jasho likakosa njia ya kutoka. Manyoya yakalowa, yakasugua. Miguu ikavimba, vidole vikagonga mbele, na kila hatua ikawa kama kukanyaga jembe. Alipovivua, alikuta malengelenge toka kisigino hadi dole gumba. Akajaribu kwenda pekupeku. Wajukuu wangu, ardhi ile huchoma mpaka mjusi huinua mguu mmoja mmoja! Na mbigili zake hazina huruma. Akarudi kivulini kwa magoti.

Akakaa, akawaza. Akirudi nyumbani, kaka atamshonea vingine, lakini upande wa pwani mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika. Akatazama kisu chake. Akatazama kile kiatu kizuri, na ndani yake akamwona yule fahali. Mkono ukasita.

"Kaka yangu, nisamehe," akasema peke yake. "Fahali alikuwa wako, miguu ni yangu, lakini mtoto ni wetu."

Hakukata papo hapo. Alingoja jua lielekee magharibi, miguu ivimbe kadiri ya kuvimba kwake, kisha akakata kwa kipimo hicho. Soli nene aliiacha, kwa ajili ya miiba na moto wa chini. Manyoya akayatupa. Ngozi ya juu akaichana ikawa mikanda: mmoja wa kisigino, mmoja wa kifundo, na gidamu ya kupita kati ya vidole. Akavaa, akasimama. Upepo ukapita miguuni. Mchanga ukiingia, ulitoka wenyewe. Akatembea, polepole, akichechemea, na jua likatembea naye, mpaka akafika.

Bibi Mbodze alikuwa mtu wa haki. Alimpa maji, akatazama mbingu nyeusi, akasema mvua haijanyesha, kwa hiyo mtoto ni wa Mkawasi. Lakini Wakesho alijificha nyuma ya nguo ya bibi.

"Mimi simjui huyu," akasema. "Na miguu yake inatisha."

Mkawasi hakumvuta mkono. Aliomba kipande cha ngozi, akakaa kizingitini, akaanza kulainisha mikanda ya viatu vya mtoto. Asubuhi ikasonga. Mbodze akasikia ngurumo, akamhimiza ampime mtoto upesi waondoke, akisema mawingu yale hayamsubiri mtu.

"Mguu wa asubuhi si mguu wa njiani, mama," Mkawasi akajibu. "Nikimpima sasa, atalia kesho jua likiwaka. Nitangoja alasiri."

"Na mvua ikija?"

Mkawasi akatazama mawingu, akarudia kulainisha ngozi. Alingoja.

Jua lilipoinama, Wakesho, aliyekuwa akimchungulia mchana kutwa, akaja mwenyewe, akanyoosha mguu. Mkawasi akauweka mapajani, akaufunga kiatu.

"Kinabana wapi?"

"Hapa."

Akalegeza. "Na sasa?"

"Bado kidogo. Hapa kwenye kidole."

Akalegeza tena. Basi hapo hapo, wajukuu wangu, tone la kwanza likaanguka. Likaanguka la pili, na la tatu, mgongoni mwa Mkawasi. Aliyasikia, akafumba macho, lakini hakuuacha ule mguu.

Bibi Mbodze akatazama juu. Akamtazama yule mama aliyeinama. Kisha akajifuta uso kwa ukingo wa leso yake.

"Jasho gani hili leo," akasema. "Mvushe mtoto ua, mwanangu, kabla mvua haijanyesha."

Wakesho akasimama, akapiga hatua moja, ya pili, akatoka uani. Njiani akamshika mama yake kidole.

Msimcheke Mwakio, watoto. Alitoa alichokuwa nacho, ila aliiuliza baridi ya kwao, hakuiuliza njia. Ukimpenda mtu, muulize anakwenda wapi, kisha muulize panapombana, na umsubiri ajibu.

Kisa kimevuka nyika, kimefika kwenu. Mkibebe taratibu; mimi nimetua mzigo.