Fundi Aliyekataza Uwanja Usifagiliwe

Usiitume kwenye grupu kabla hujaisoma mpaka chini. Nakujua wewe, kidole chako kina haraka kuliko macho. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini hii nikiisimulia hata walimu wanavuta kiti.

Kwenye mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni bila sigara, alikuwepo mzee anaitwa Ndelwa. Amestaafu reli, amejenga nyumba ya bati la bluu, imebaki bustani tu. Uwanja wote ulikuwa udongo mtupu.

Bustani yenyewe alishaipanga kichwani kabla ya kuita fundi. Mbele nyasi za kukata kwa mashine. Katikati chemchemi ya kurusha maji juu, kama ya hotelini. Na ubavuni, upande wa jirani yake Chaula, michongoma minene yenye miba.

"Nataka hata kuku wake asione kwangu," alitamba kila alipokaa na watu.

Yeye na Chaula mwaka wa pili huo hawasalimiani. Ugomvi wa mpaka, hatua mbili za ardhi. Mzee aliapa mbele ya ukoo mzima: mtu wa nyumba yake akimpa Chaula hata salamu, atafute pa kulala.

Basi akaitwa fundi, jina lake Msigwa. Mfupi, mkimya, suruali imekunjwa mpaka magotini, kusoma na kuandika hajui. Akazunguka uwanja mara moja, akasimama.

"Mzee, kazi nitafanya. Ila siku saba uwanja usifagiliwe."

"Usifagiliwe?" Mama Huruma, mke wa mzee, aliruka. "Wageni wakija waseme nyumba hii haina mwanamke?"

"Siku saba tu, mama. Nataka kuona mnavyoishi."

Hapo hapo mama akamtilia shaka. Na mimi simlaumu. Mtu umemwita apande maua, anataka kuona unavyoishi. Anakuhusu nini?

Siku ya pili Msigwa alikuja asubuhi na kamba za katani. Akachuchumaa. Akalaza kamba juu ya nyayo ardhini, akaifuata taratibu, akapiga fundo, akasogea, akalaza tena. Halafu akachota udongo, akaunusa, akautia kwenye mkebe.

Mama Huruma alikuwa dirishani, pazia kalishika kwa vidole viwili.

"Baba Huruma, njoo uone. Fundi wako anapima nyayo zetu."

"Anapima za nini?"

"Mimi ndiye nikuulize wewe uliyemleta!"

Sasa hapo usijifanye msomi. Hata wewe unajua watu wanavyosema: mchawi akitaka kukumaliza, anaanza na udongo wa unyayo wako. Mzee naye usingizi ukampaa. Binti yao, Huruma, aliyekuwa anangoja kuanza chuo, akaacha kupita uwanjani fundi akiwepo, akawa anapita ukutani ubavu ubavu kama kaa.

Siku ya tatu kamba zilikuwa tatu. Siku ya nne mafundo yakaongezeka. Ukimuuliza Msigwa anafanya nini, anajibu, "Kazi yenu, mzee." Jibu gani hilo? Mtu mwema anaeleza.

Siku ya tano mtaa mzima ulishajua. Mama Huruma aliumwa kichwa, ikasemwa ni kamba. Kuku akafa, ikasemwa ni kamba. Kuku mwenyewe alikuwa mzee kuliko nyumba, lakini nani anasikiliza?

Siku ya sita Msigwa alipofika getini alikuta watu wamejaa. Vijana wameshika fimbo. Katikati amesimama mjumbe wa mtaa, Mama Kaduma, mwanamke wa sauti nzito asiyecheka ovyo.

"Fundi," akasema, "unatuhumiwa kuchukua nyayo za watu. Eleza. Ukishindwa, mimi hawa vijana sitawazuia."

Msigwa alitazama zile fimbo. Alijua vizuri: akitoka pale na jina la mchawi, hata kama mbavu zitapona, hakuna mlango utakaomfungukia tena mji ule.

"Nikieleza kwa mdomo hamtaniamini," akasema. "Kamba hizi hapa. Kila moja ni njia ya mtu mmoja wa nyumba hii. Kila fundo ni safari moja. Udongo wa mkebe ni wa kujua kitakachoota. Zishikeni wenyewe, mzifuate ardhini, muone kama zinakwenda makaburini au wapi."

"Hila hiyo!" mzee Ndelwa akafoka. "Mjumbe, mfunge!"

"Tulia, mzee. Tunaanza."

Mjumbe akachukua kamba ya kwanza, ya nyayo peku. Nyayo za Huruma. Ikatoka mlango wa jikoni, ikapita bombani, ikakata kushoto, ikaenda moja kwa moja kwenye uzio wa Chaula, pale waya ulipolegea. Mafundo kumi na moja.

"Huruma!" mzee akanguruma. "Kwa Chaula unafuata nini?"

Binti akainamisha kichwa. "Mama Chaula ananifundisha cherehani, baba. Ukienda kahawa."

"Leo unalala nje!"

Kamba ya pili, ya kandambili. Za Mama Huruma. Ikatoka jikoni, ikaenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, halafu nayo ikaishia pale pale. Mafundo kumi na tisa.

"Na wewe!"

"Nilikuwa naazima chumvi," mama akasema.

"Chumvi mara kumi na tisa? Kwani tunakausha samaki humu ndani? Wote mnalala nje!"

Vijana wakaanza kucheka, fimbo zikashuka chini. Mjumbe akainua kamba ya tatu. Hiyo ilikuwa nene kwa mafundo.

"Hii ya nani?"

Msigwa akajifanya anakunja zile mbili za kwanza.

"Fundi, nakuuliza."

"Ya viatu vya matairi," akasema polepole.

Watu wote wakatazama chini. Pale uwanjani aliyevaa viatu vya matairi alikuwa mmoja tu, na alishaanza kurudi nyuma.

"Mjumbe," mzee Ndelwa akakohoa, "mimi nadhani inatosha. Fundi huyu hana kosa. Kijana mzuri tu."

"Hapana, mzee," mjumbe akasema. "Tumeanza, tumalize."

Kamba ikatoka mlango wa mbele kwa heshima zote, ikazunguka nyumba, ikajificha nyuma ya tangi la maji, ikaishia kwenye uzio ule ule, pembeni pasipoonekana kutoka jikoni, pale nako waya umelegea. Mafundo thelathini na mawili. Na chini ya waya huo, nusu huku nusu kule, kulikuwa na jiwe bapa. Juu ya jiwe, ubao wa drafti. Vizibo vya soda vimepangwa, mchezo uko katikati.



Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa uzio, sauti ya mtu aliyechoka kusubiri:

"Ndelwa, sogeza kizibo. Tangu jana ni zamu yako."

Mama Huruma alicheka mpaka akakaa chini kwenye uwanja wake mchafu. Mjumbe, asiyecheka ovyo, akageuka akatazama bati.

Msigwa akakunja kamba zake. "Sasa mzee, ile michongoma niipande wapi?"

 Mzee akaenda mwenyewe, akaukunja ule waya chini kwa kiatu chake, akakaa kwenye jiwe.

"Panda popote," akasema bila kugeuka, "ila hapa weka benchi. La watu wanne. Na kivuli."

Funzo: Ukitaka kupanga nyumba yako, usipange kwa yale unayotamba mbele ya watu, angalia kwanza miguu ya wenye nyumba inakwenda wapi kila siku, ukianza na ya kwako.