Kiti Kilichotaka Kwenda Kaloleni

Chombo kinapong'oa nanga huwa na mabaharia wengi, lakini nahodha huwa mmoja. Wakiwa wawili, huyu ataelekeza kaskazini na yule kusini. Wakiwa watatu, abiria na waanze kusali. Ndiyo maana wahenga wa pwani, walioijua vyema ghadhabu ya bahari, wakatuambia kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakumaanisha kwamba watu wasisaidiane, la hasha. Walimaanisha kwamba kazi isiyo na msemaji wa mwisho huharibika hata ikiwa mikononi mwa mafundi hodari. Asiyesadiki na asikilize yaliyoifika nyumba ya Velma, kule Mtongwe, kwa sababu ya kiti.

Velma alikuwa akiishi na mama yake, Bi. Kahaso, aliyeletwa kutoka Kaloleni baada ya kuteleza uani kwake asubuhi moja. Bibi huyo aliumia nyonga, akalala pale chini peke yake mpaka jua lilipokuwa la utosi, ndipo jirani akapita na kumwona. Tangu zimfikie habari hizo, Velma hakutaka hata kusikia kwamba mama yake atarudi kuishi peke yake. Kila simu ilipolia alishtuka, japo mama mwenyewe alikuwa hapo hapo sebuleni akilalamika.

Na kulalamika alikujua! Viti vya plastiki vilimchoma mgongo. Kochi nalo lilimmeza mzimamzima, hata ikabidi watu wawili wamng'oe. "Jumatatu naenda zangu Kaloleni," alisema, huku akiikaza khanga kiunoni. "Nyumba gani hii haina pa kukaa? Zamani nilikalia kiti cha kubembea kwa mke wa mchungaji. Mwanangu, kilinibembeleza hata nikasinzia mbele za watu. Hicho ndicho kiti."

Velma akapata wazo. Alikuwa na mafundi watatu wa kwake. Kaka yake mkubwa, Munga, alikuwa seremala wa milango na vitanda huko Timbwani. Kaka wa pili, Nguma, alichomelea vyuma Changamwe, naye aliamini kuwa hakuna jambo lisilopimika kwa futi. Mumewe, Kioko, Mkamba, alikuwa mchongaji wa vinyago ambaye angeweza kumtoa twiga ndani ya gogo huku akipiga soga. Velma alijiona amebarikiwa. Mafundi watatu kwa kiti kimoja, kitakosaje kuwa kizuri?

Aliwaita jioni hiyo hiyo, na chai haijapoa, mabishano yakaanza. Ubishi ulihusu matao, yaani zile mbao mbili za chini zilizopinda, ambazo ndizo hukifanya kiti kibembee.

"Matao yawe ya kulala," alisema Munga. "Mama yuwaumwa. Kiti kikibembea sana kitamtupa."

"Shemeji, tao la kulala halibembei," Kioko akajibu. "Hapo utakuwa umetengeneza benchi la kanisa. Tao liwe la mviringo, kiti kiende chenyewe."

"Nyote mwabahatisha!" Nguma akadakia, akiwaonyesha mchoro kwenye simu yake. "Kazi yote i kwenye mgongo wa kiti. Ulazwe hivi, basi."

Velma akajikuna kichwa. Angempa Munga kazi hiyo, mumewe angenuna. Angempa Kioko, kaka zake wangesema dada yao amehamia Ukambani na moyo wake wote. Kwa hiyo akafanya kile wafanyacho watu wengi wanaoogopa ugomvi, akaigawa kazi mafungu matatu. Munga atengeneze tao la kulia, Kioko la kushoto, na Nguma kikalio na mgongo. Wote wakatabasamu. Amani ikapatikana, na kiti kikaharibika papo hapo.

Kila mmoja alifanya kazi kwake, na kila mmoja aliifanya kwa moyo. Munga alilipiga tao lake randa mpaka likateleza kama sabuni. Kioko alichagua mwarobaini mkavu, akaushika kwa tezo na patasi, na nchani akachonga kichwa kidogo cha ndege. Nguma alipima, akapima tena. Jumamosi vipande vikakutanishwa uani kwa Velma, vikatiwa gundi na skurubu. Matao yalipowekwa sambamba, ilionekana wazi kwamba hayakuwa ndugu. Lakini Munga aliona kosa ni la Kioko, Kioko aliona kosa ni la Munga, Nguma alimshukuru Mungu kwamba si lake, na hapakuwa na wa kusema, "Rudieni." Velma mwenyewe aliiona ile kasoro, akanyamaza ili asiwaudhi.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa ushirika walikuja kumwona mgonjwa. Bi. Kahaso akakalishwa kwenye kiti kipya, amevaa gauni lake la kanisani. Jael, kiongozi wao, akaanzisha pambio, wote wakaitikia kwa makofi, na bibi akabembea kufuata mdundo.

Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Katika ubeti wa pili, Velma aliona kuwa mama yake hawatazami tena wageni, anatazama ukuta. Kila alipobembea, tao la kushoto lilijivuta mbele na la kulia likabaki nyuma, na kiti kikawa kinageuka na kusonga polepole. Kikaipita meza, kikakisukuma kikombe cha Jael, chai ikamwagika juu ya mahamri, na pambio lilipofika mwisho, kiti kilikuwa kimeelekea mlangoni sawasawa.

"Mwaona?" Bi. Kahaso akasema bila kugeuka. "Hata kiti chaijua njia ya Kaloleni."

Akina mama walivunjika mbavu. Jael alicheka mpaka akaketi sakafuni. Velma pia alicheka, lakini kicheko chake kilikatika aliposikia mama yake akiongeza, "Basi kesho asubuhi mnitafutie gari."

Nyuma yake mafundi watatu, waliokuja kuiona kazi yao ikikaliwa, walikuwa wameshaanza kulaumiana. "Ni tao lako hilo lenye ndege!" "Ni lako lililolala kama mgonjwa!" "Ningefanya vyote mimi mwenyewe..." Kwa mawazo Velma alimwona mama yake tena chini, uani kule Kaloleni, akiita na hakuna wa kuitika. Akapiga moyo konde, akamwendea kaka yake mkubwa, akaichomoa penseli iliyokuwa sikioni mwake.

"Nyamazeni!" alisema, nao wakanyamaza, kwa maana hawakuwahi kumsikia hivyo. "Nimetaka kila mtu afurahi, nikamsahau mwenye kukaa. Mama, shika penseli. Kiti ni chako, utakalosema ndilo litakalofanyika. Na nyinyi watatu, msikilizeni."

Bi. Kahaso aliigeuza penseli mkononi. "Mimi nilichokishika maisha yangu ni jembe."

"Lakini wajua unavyotaka kukaa, mama."

Bibi akafikiri. Kisha akaegemea nyuma. "Kioko, mwanangu, kishike kiti. Nilaze kidogo. Kidogo tena. Ah, hapo naogopa! Nirudishe. Hapo, hapo! Tia alama."

Munga akafungua mdomo.

"Munga, nimekuita?"

Munga akaufunga. Akina mama wa ushirika wakaangua kicheko upya, wala hapakuwa na aliyekumbuka kuaga.

"Sasa sema," bibi akamruhusu baadaye.

"Mama, Kioko akishachora, nizifunge mbao mbili pamoja, nizikate kwa mpigo mmoja. Zitatoka pacha."

"Hilo la maana. Zifunge. Kioko achore, wewe ukate. Nawe Nguma, huo mgongo uinue. Nataka kuona watu, sitaki kuhesabu mabati." Akawatazama mmoja mmoja. "Basi kesho siendi. Nikiwaacha, mtanitengenezea feri."

Wiki hiyo kazi ilifanyika uani. Bi. Kahaso aliisimamia akiwa juu ya kiti cha plastiki, na kwa shughuli alizokuwa nazo hakulalamika hata mara moja. Alimsikiliza kila fundi, akakubali hili, akakataa lile, na kila alilokata likawa limekatwa. Yule ndege wa Kioko alipata mwenzake upande wa pili, kwa amri ya bibi.

Kiti kilipokamilika, kililetwa sebuleni. Bi. Kahaso akaketi, akaanza kubembea. Velma alichuchumaa akayatazama matao kwenye saruji, yakienda na kurudi pale pale, bila kuteleza. Pumzi zikamshuka.

"Munga," bibi akaita, macho nusu yamefumba, "kesho njoo uutazame mlango wa chumba changu. Wagoma kufunga."

Chumba changu! Tangu aje, alikuwa akikiita "chumba chenu." Velma akageuza uso ili wasimwone akilia kwa furaha.

"Mlango huo wataka bawaba kubwa za chuma," Nguma akaanza.

"Ama niuchonge upya," akasema Kioko.

"Milango ni kazi yangu!" Munga akang'aka.

Kisha wote watatu wakakumbuka, wakageuka, wakamtazama bibi na kungoja neno lake. Naam, aliyeonja haambiwi: manahodha wengi, chombo huenda mrama.