Mtambo wa Nguchiro wa Kutoa Chumvi

Hapo zamani za kale, wanangu, Mungu alipowaachia wanyama nyumba na majiko kama yetu, palikuwa na ziwa la chumvi, kingo zake nyeupe kama zimemwagiwa unga.

Mto wa maji matamu ulikuwa mbali, na Mama Nyati alikuwa na ndama mgonjwa asiyeweza kufika huko. Nguchiro, yule mdogo mwenye macho yasiyotulia, alijua siri. Kando ya ziwa, nyuma ya jiwe kubwa, palikuwa na kijichemchemi cha maji matamu. Hakumwambia mtu.

"Nimeunda mtambo wa kutoa chumvi!" akatangaza. "Njooni tuujaribu!"

Wanyama wakaja, wakakuta mwanzi mnene uliojaa mkaa na mchanga. Nguchiro akamimina maji ya ziwa kwa juu. Gudu gudu gudu! Yakapotelea kwenye shimo alilolichimba kwa siri chini yake. Kisha akachomoa kizibo cha chini. Chururuuu! Yakatoka maji ya chemchemi, aliyoyaficha kwenye kibuyu mle ndani ya mwanzi.

Mzee Tembo akaonja. "Lo! Matamu! Fundi, umesomea wapi?"

"Akili tu, Mzee wangu. Ila fundi naye anakula. Nileteeni mayai ya mbuni."

Wakaleta. Ndama akanywa siku hiyo na siku zilizofuata, akaanza kurukaruka. Mama Nyati akabubujikwa na machozi. "Mungu akulinde, Fundi wangu."

Maneno hayo yalimchoma Nguchiro kifuani. Akayameza pamoja na yai.

Basi kila mnyama akataka maji.

"Hako kamwanzi hakatoshi," akasema Mzee Tembo. "Tutakujengea mtambo mkubwa."

"Ngojeni kwanza, Mzee..."

"Wewe kapumzike, Fundi! Nguvu tunazo sisi."

Tumbo lilikuwa limejaa. Nguchiro akaenda kulala.

Alipoamka, akaona lundo la mchanga mweupe. Moyo ukampasuka, pa! "Mchanga huu mmeutoa wapi?"

"Pale kando ya ziwa," Mzee Tembo akajibu kwa furaha. "Safi kweli! Kulikuwa na jiwe linatusumbua, tukalisukuma."

Nguchiro akatimua mbio. Jiwe halipo, ukingo umebomoka, ziwa limeingia hadi kwenye chemchemi. Akaonja. Chumvi tupu.

Nyuma yake Mama Nyati, aliyemfuata, akasema, "Fundi, tuanze basi. Mwanangu ana kiu."

Nguchiro akapiga magoti. "Mama, hakuna mtambo. Ilikuwa chemchemi, hapa hapa. Ningewaonyesha, tungeilinda. Nimewakosea, nimemkosea na Mungu, kwa ajili ya mayai."

Hakuna aliyempiga, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mzee Tembo akambeba ndama kwa mkonga, wakashika njia ndefu ya mtoni. Nguchiro akafuata nyuma kabisa.

Njiani akatikisa kibuyu chake. Kulikuwa na funda moja limebaki. Akampa ndama.

Ndama akanywa, akajilamba midomo. "Asante, Fundi."

Nguchiro akainamisha kichwa.

Basi, wanangu, alichokupa Mungu cha kuwanywesha wenye kiu, usikifanyie ujanja.