Korongo Hatoki Getini Peke Yake

Fumba macho kidogo, nawe uliye nyuma pia. Ona uwanja mpana wa saruji chini ya milima ya Upare, umezungukwa na karakana ndefu zenye madirisha mengi. Nyasi zimeota kwenye nyufa. Geti ni kubwa la kupitisha malori, lakini siku hizi hufunguliwa upenyo tu, wa kupita mtu mmoja akijibana. Sasa tega sikio. Kule mwisho wa uwanja mtu anagonga bomba la chuma. Ngo, ngo. Umesikia? Basi usifumbue bado.

Hicho kilikuwa kiwanda cha pikipiki zilizoitwa Korongo. Zamani, Korongo alipopita, mwenye jembe aliliegemea akatazama. Taa yake ilikuwa ya mviringo kama mwezi uliojaa. Tangi lake lilikuwa na umbo la tone la maji linalotaka kudondoka. Na mlio wake haukuwa wa kukimbizana na mtu. Ulikuwa wa polepole, du, du, du, kama mzee anayecheka peke yake. Kisha zikaja pikipiki nyingine kutoka mbali, nyepesi, zenye mbio, za bei ndogo. Watu wakazinunua, nasi tusiwalaumu. Wafanyakazi wa Korongo wakapungua, huyu leo, yule mwezi ujao, hadi wakabaki watatu, na kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Mbonea, fundi injini. Kipaji chake kilikuwa sikio. Alisikia nati iliyolegea ndani ya injini kama mama anavyosikia mtoto amegeuka kitandani. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki, akazikwa kwao, juu kabisa mlimani.

Wa pili aliitwa Nakijwa, mchora mistari. Kipaji chake kilikuwa mkono. Aliweza kuvuta mstari wa dhahabu kuzunguka tangi zima bila rula wala uzi, huku ameziba pumzi, na mwisho wa mstari ukakutana na mwanzo wake usione mahali ulipoungana.

Wa tatu aliitwa Mhina, mshona viti. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo wao. Kipaji chake kilikuwa kujua mwili wa mtu. Alikutazama ukitembea mara moja, akajua mgongo wako unachoka wapi. Hakuwa na mke wala mtoto, na ndugu zake walikuwa wametawanyika asijue walipo.

Utaniuliza: je, hawa watatu hawakukaa pamoja? Hawakukaa. Tangu enzi za wafanyakazi wengi, kila karakana ilikula chakula chake ndani ya karakana yake, na wao hawakuacha. Mbonea alikula ugali wake kwenye karakana ya injini, kwenye meza ya watu ishirini, peke yake. Nakijwa vivyo hivyo kwenye karakana ya rangi. Mhina vivyo hivyo kwenye karakana ya viti.

Siku moja Nakijwa alimwita Mhina kwa sauti kutoka mlangoni: "Mdogo wangu, njoo huku tule! Leo nina maharage ya nazi."

"Ahsante, dada," Mhina akajibu. "Lakini nikitoka saa ya kula, karakana hii itajua imekufa."

Nakijwa hakumbishia. Hata yeye aliiogopea ya kwake.

Ila walikuwa na ada moja ndogo. Mbonea akimaliza kula hugonga bomba: ngo, ngo, maana yake nipo. Nakijwa hujibu kwa kugonga kopo la rangi: nami nipo. Mhina hugonga mkasi wake juu ya meza: hata mimi. Kisha kila mmoja hurudi kazini, moyo umetulia kidogo.

Mwenye kiwanda alikuwa dada mmoja aitwaye Namcheja, mjukuu wa mzee aliyekianzisha. Siku moja aliwaita uwanjani, akasema, "Wazee wangu, sitaki kuwaficha. Tutatengeneza Korongo mmoja mpya, mwenye sura ileile ya zamani, tumpeleke kwenye maonyesho ya wakulima. Watu wakimpenda, tutawasha taa. Wasipompenda, nitafunga geti."

"Kwa hiyo ndiye wa mwisho?" Mbonea akauliza.

"Au wa kwanza, mzee wangu. Hilo sijui." Kisha akamgeukia Mhina. "Kaka Mhina, kiti kiwe kifupi, cha mtu mmoja. Vijana wa siku hizi wanapenda kupanda peke yao."

Mhina akaitikia kwa kichwa.

Basi wakafanya kazi. Mbonea aliikusanya injini, akaifungua, akaikusanya tena, mpaka sikio lake likasema sawa. Nakijwa aliziba pumzi akavuta mstari. Mhina alikata ngozi, akashona, akashindilia sponji kwa kiganja. Namcheja alipokuja kukitazama kiti alishika kiuno.

"Kaka Mhina! Nilisema kifupi. Hiki ni kitanda!"

"Nilikata kifupi, bosi," Mhina akasema, macho chini. "Mkono ukakataa. Nikajikuta nimekata cha wawili."

Nakijwa akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mwache, mwanangu. Huyo ameshindwa kuisahau sindikiza."

Nanyi hamjui sindikiza ni nini, kwa hiyo nawaeleza. Mgeni akiondoka nyumbani kwenu, je, mnamwacha atoke peke yake? Hapana, mnamsindikiza hata hatua chache. Kiwandani pale waliamini Korongo mpya naye ni mgeni anayeondoka. Kwa hiyo, mara ya kwanza kupita getini kwa magurudumu yake, hakutoka na mtu mmoja. Aliyemwendesha alimpakia nyuma mtu wa karakana nyingine, wakafika hadi njia panda, wakarudi. Ndivyo watu wa injini walivyojuana na watu wa rangi. Mbonea alimpakia binti mmoja wa karakana ya viti, na kufika njia panda hawakutaka kurudi. Huyo ndiye aliyekuwa mke wake.

Muda haukuwepo wa kushona kiti kingine. Korongo akapakiwa kwenye lori, akatoka getini amelazwa na kufungwa kamba kama mgonjwa, sindikiza haijafanyika.

Kwenye maonyesho waliwekwa pembeni, baada ya wauza majembe. Mbele yao pikipiki za mbio zilinguruma na muziki ukapigwa. Kwao hakuja mtu. Asubuhi ikapita, na mchana ukaanza kupita.

Ndipo mzee mmoja mwenye koti la kijivu, aliyekuwa akienda zake, akageuza shingo. Jua lilikuwa limeangukia ule mstari wa dhahabu, ukang'aa kutoka mbali. Mzee akasimama, akaja, akapitisha kidole juu ya mstari bila kuugusa. "Mimi nilikuwa naelekea nyumbani," alisema. "Mstari huu ndio umenisimamisha."

Lakini kutazama ni kutazama tu, na mzee alikuwa ameshaanza kugeuka aondoke. Hapo Mbonea akapiga kiki. Du, du, du. Mzee akarudi. Hata wauza majembe wakanyamaza. Wakaja vijana, wakaja kina mama na watoto mgongoni, duara likajaa, na kijana mmoja akauliza, "Hii ni ya kale au mpya?"

"Mpya," akajibu Mbonea.

"Mbona inanikumbusha babu yangu, nami babu sikumwona?"

Hakuna aliyemcheka. Mzee wa koti akasema, "Mlio huu ndio umenizuia nisiondoke."

Lakini kusikiliza nako ni kusikiliza tu. Mzee akaomba kukaa. Akakaa, akatulia, kisha akapeleka mkono nyuma, akapapasa ile nusu ya kiti iliyokuwa tupu, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Akasema, "Hapa ndipo alipokuwa akikaa." Hakutaja nani, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akamwita Namcheja. "Binti, nitengenezee kama huyu. Lakini kiti kiwe hikihiki. Kikiwa kifupi sitaki."

Baada yake wengine nao wakaagiza, wazee kwa vijana, mpaka Namcheja akakaa chini kwenye nyasi na kulia.

Waliporudi kiwandani, Korongo akashushwa uwanjani. Namcheja akasema, "Huyu hauzwi. Ni zawadi yangu kwa aliyeokoa kiwanda. Ila ni mmoja, na ninyi ni watatu. Babu alisema pikipiki ya wote haina wa kuitia mafuta, kwa hiyo awe wa mtu mmoja. Mimi nakwenda na lori mjini kuleta vyuma. Amueni wenyewe." Akaweka ufunguo juu ya kiti, akaondoka.

Wakabaki watatu na upepo.

Nakijwa akaanza. "Bila mstari wangu yule mzee asingesimama. Na mimi nina dada yangu ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Tumbo la mama yetu limebakisha sisi wawili, na tunaonana misibani tu. Nataka nimwone siku isiyo na msiba."

Mbonea akakohoa. "Bila mlio wangu asingebaki. Na magoti yangu hayapandi tena mlima. Tangu masika yaliyopita sijaling'olea majani kaburi la mke wangu. Atadhani nimemsahau."

Wakamgeukia Mhina.

"Sema na wewe, mdogo wangu," Nakijwa akamwambia.

"Bila kiti changu asingeagiza," Mhina akasema. "Lakini ninyi mna pa kwenda. Mimi sina. Mkimpa mtu asiye na pa kwenda pikipiki, mtasema mmepoteza."

"Basi waitakia nini?" Mbonea akauliza, tena kwa upole.

"Mwenye pikipiki huombwa lifti, kaka. Hata na asiyemjua. Mimi hakuna mtu anayeniomba kitu."

 Nakijwa aliutazama ufunguo, Mbonea aliitazama milima, Mhina alitazama viatu vyake. Kila mmoja aliona wenzake wamesema kweli, na kila mmoja aliona na yeye amesema kweli. Saa ya kula ikafika, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekwenda kwenye karakana yake. Walisimama tu.

Sasa fumbua macho. Wao wameshindwa kuamua, na ufunguo bado uko juu ya kiti. Je, wewe ungemkabidhi nani? Aliyemfanya mzee asimame? Aliyemfanya abaki? Au aliyemfanya aagize? Ungepima kazi waliyofanya, au ungepima upweke wao? Semezaneni, na anayesema mwacheni amalize.

Ila kabla hujajibu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Sindikiza ya Korongo yule bado haijafanyika, naye hatoki getini na mtu mmoja. Yeyote utakayemchagua atampakia mwenzake nyuma, nao ni watatu. Basi ukishaamua, mkumbuke yule atakayebaki kufunga geti.